Mkwe Mwenye Haraka

Kila mtu ana kero yake, na ya Bibi Gesi ilikuwa madereva wa kumnusa mkiani. Jina hilo alipewa kazini, kwa kuwa ndiye mwanamke pekee aliyeendesha lori la mitungi ya gesi. Mbele yake aliacha nafasi ya kumwezesha kusimama bila papara. Ya nyuma haikuwa mikononi mwake, na hilo ndilo lililomchoma roho.

Alasiri ile gari dogo jeupe lilimjia nyuma, likapotea kwenye vioo vyote viwili. Dereva wa lori akiona hivyo moyo humruka: gari halijaondoka, limejibanza asipoweza kuliona. Honi ikalia. Ikalia tena.

"Haya, panda juu basi!" alifoka peke yake. "Mbwa akikatiza hapa nikakanyaga breki, si utazolewa kwa koleo? Hivi wewe una mama kweli?"

Barabara ilipopanuka, gari likachomoka na kumpita kwa madaha. Bibi Gesi akageuka ili amtukane mtu usoni. Kwenye usukani alikuwa mkwe wake. Kando yake, mimba ya miezi minane, mikono yote miwili imeng'ang'ania dashibodi, alikuwa binti yake wa pekee.

Aliporudisha lori hakupita hata kwake kuvua ovaroli, akaenda moja kwa moja kwa binti yake. Mkwe mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Kijana wa adabu huyo, tusimsingizie: mbele ya mama mkwe huinamisha macho, na kiti chake hukiweka mwisho kabisa wa sebule.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba." Akaingia, akamsogelea mpaka ncha za viatu vyao zikagusana.

Kijana akarudi nyuma. Mama akasogea. Akarudi tena, mama yumo. Wakaizunguka meza hivyohivyo, hadi mgongo wa kijana ukagonga kabati na vikombe vikalia.

"Mama, mbona unanibana hivi?"

"Nina haraka."

"Lakini nikijikwaa si utaniangukia!"

"Kumbe unajua!" Bibi Gesi alimnyooshea kidole. "Hapa sebuleni unanikalia mbali, eti heshima ya mkwe. Kule barabarani ukanigandia mkiani, nami nimebeba mitungi ya gesi, huku mwanangu na mjukuu wangu umewatanguliza kama bampa! Heshima gani hiyo?"

"Nisamehe mama, sikujua kama ni wewe."

"Ningekuwa mama wa mwingine ingekuwa sawa?"

Kwenye kochi binti aliinuka kwa taabu, akanyoosha mkono kwa mumewe.

"Nilikuambia punguza, ukasema naogopa kama mtoto. Nipe funguo."

Kijana alimtazama mkewe, akamtazama mama mkwe. Bibi Gesi hakurudi nyuma hata kidogo, mpaka aliposikia funguo zimetua kiganjani mwa binti yake.