Kidonge Kinachotaka Chakula

Baba aliganda katikati ya Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi, mguu wa kulia mbele, vitenge vya mteja begani. Watu walimkwepa kama wanavyokwepa toroli lililokwama. Nilitoka dukani mbio, nikamshika kiwiko.

"Usinivute," alisema, sauti ikimtoka kwa shida. "Utaniangusha."

Basi nikasimama naye tu. Sikuwa na kingine cha kufanya.

Miezi miwili nyuma daktari alikuwa amembadilishia dawa za ugonjwa wake wa kutetemeka na kuganda. Alituonyesha kidonge kipana, akasema hiki kikifika tumboni kinavimba, hakiteremki upesi kwenda kwenye utumbo; kinakaa humo kikiachia dawa kidogo kidogo, asubuhi mpaka jioni. "Ila ameze akiwa ameshiba," alisisitiza. "Tumbo likiwa tupu kitapita zake kabla hakijamaliza kazi." Wiki za mwanzo Baba, Mzee Elimringi wa vitenge, alikata vitambaa kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nikaamini tumepona.

Siku ile, miguu ilipomfunguka na nikamrudisha dukani, Sitara anayetuletea chakula cha asubuhi aliniita pembeni.

"Dada Joyceline, mzee ananirudishia sahani kama nilivyompelekea. Wiki nzima sasa. Aliniomba nisikwambie."

Nilimwuliza Baba. Hakukana.

"Kijiko kinamwaga, wateja wanaangalia," alisema. "Miaka arobaini wananijua kwa mkono huu."

"Nitakulisha nyuma ya pazia."

Aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake nilimlisha ndizi za kuponda, mgongo wangu ukiziba upenyo wa pazia. Kijiko cha kwanza kilishuka, na cha pili. Cha tano kilikaa mdomoni kikagoma; machozi yakamtoka, sijui ya kukabwa au ya nini.

"Inatosha, mwanangu."

Nilimbembeleza. Kisha nikamkaripia, Mungu anisamehe, kama ninavyowakaripia wanangu. Akafumba mdomo. Nikampa kidonge juu ya vijiko vile vichache, huku nikijua havitoshi.

Saa sita aliganda kwenye kiti, uso umeelekea ukutani. Nilikizungusha kiti ili aione barabara. Mama mmoja wa makamo, mteja wetu wa Magomeni tangu nikiwa shule ya msingi, akaingia, akapiga goti kidogo mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

Midomo ya Baba ilitikisika. Tulingoja, mimi na yule mama, yeye bado amekunja goti. Nje mtu alikuwa akinadi soksi.

"Marahaba," niliitikia mimi kwa niaba yake, nikaenda kumteremshia vitenge.