Sifuri ya Jumanne

Karani wa takwimu alikuwa na mwandiko mzuri kupindukia, na aliuonea fahari mpaka Jumanne ile alipoandika sifuri.

Kazi yake haikuwa na makuu. Kila mchana alizipigia simu zahanati saba za wilaya, akauliza wangapi wameugua ule ugonjwa wa mlipuko na wangapi wamefariki, akajaza fomu na kumpelekea bosi. Jioni redio iliisoma hesabu hiyo kwa kujiamini, utadhani mtangazaji ameshinda wodini akihesabu vitanda. Lakini fomu ilimtambua tu mwenye majibu ya maabara.

Baba yake, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya mji, alichukuliwa kipimo siku mbili kabla ya kufa. Chupa ya sampuli ikavuja njiani, maabara ikaikataa. Jumanne asubuhi wakamzika, watu watano tu wakiruhusiwa. Kwa kuwa karani mwenzake alikuwa karantini, mchana karani alirudi mezani, macho yamemvimba, akajaza fomu kama ilivyotaka. Vifo: sifuri.

Jioni mama yake alikaa upande wake wa kochi, ule wa mumewe ukiwa mtupu.

"Leo hakuna kifo kipya wilayani," redio ikasema.

Mama akageuka. "Basi yule tuliyemzika asubuhi ni nani?"

"Majibu yamechelewa, mama. Atahesabiwa kesho."

Uongo ule ulimtoka bila kujikwaa. Tangu hapo mama akawa hataki mtu akohoe wakati wa taarifa. "Wamesema wawili. Baba yako yumo?" "Bado, mama." Jioni ya tisa karani alimkuta amechana nywele na kuvaa gauni jipya, la mwisho kushonwa na marehemu, kama anayesubiri mgeni. Hapo moyo ukamshinda.

"Mama, zima redio. Baba hatahesabiwa. Chupa yake ilivuja, hana majibu. Na ile sifuri ya Jumanne niliiandika mimi."

Mama akamgeukia.

"Kwa mwandiko wako huohuo?"

"Huohuo."

Mama akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Angekusema, yule! Angesema umekata kitambaa bila kumpima mtu." Akajifuta kwa kiganja. "Wako wengine kama yeye?"

"Sijui. Fomu haiulizi."

"Uliza wewe, mwanangu. Mdomo si unao?"

Kesho yake aliuliza wangapi wamekufa bila majibu. Zahanati ya kwanza walidhani anatania. Ya tatu alipokea muuguzi.

"Dada, miezi yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza," muuguzi akasema. "Subiri nilete daftari la zamu. Niliwaandika nyuma."

Kumbe karibu wauguzi wote wa zahanati zile walikuwa wameandika nyuma ya kitu: daftari, kalenda, boksi la glavu. Karani akachukua rula, akachora safu mpya pembeni mwa fomu. Bosi aliitazama muda mrefu. Hakufoka. Alisema tu kwamba safu hiyo haimo kwenye fomu ya serikali, akaikunja fomu kwenye mstari wake, akaichana safu ile na kumrudishia kipande. Karani akakitia mkobani.

Jioni redio ilisema watatu. Mama akaizima mwenyewe.

"Sasa tusomee wewe."

Karani akakifungua kile kipande. Akasoma. "Waliofariki bila majibu ya maabara, wilaya nzima, ni arobaini na wawili."

"Na baba yako?"

"Nimeanza naye, mama. Yumo."

Mama akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu Jumanne ile. Akaupangusa upande mtupu wa kochi, ingawa haukuwa na vumbi.

"Haya," akasema. "Njoo ukae hapa."