Jiwe Nililomrushia Havyarimana

Jumamosi asubuhi mimi na Mama Josepha, mpishi wa shule, tulikwenda tangini kuchota maji ya uji. Ndoo ikagonga kitu laini. Alikuwa Theodosia, rafiki yangu wa kidato cha tatu. Tulimvuta kwa mikono yetu. Kisogo kilikuwa kimebonyea, tundu la duara, mfupa unaonekana. Mama Josepha akavua kitenge chake, akamfunga kichwa chote.

"Aline, usimwambie mtu habari ya hilo jeraha," alininong'oneza. "Tuseme tumemkuta majini, basi. Polisi watajua wenyewe."

Polisi walikuwa Kibondo mjini, na mvua ilikuwa imekata barabara ya Mabamba. Mkuu wa shule naye alikwama hukohuko. Aliyebaki na shule ni Mwalimu Nickson, mwalimu wa nidhamu. Alipopelekewa habari hata tangini hakufika. Aligonga kengele, akatukusanya paredi.

"Mwenzenu hakuzama," alisema. "Amepigwa nyundo kisogoni. Na nyundo ya shule anakaa nayo nani?"

"Mlinzi!" wavulana wakapaza sauti.

Mlinzi wetu alikuwa Havyarimana, mzee aliyekuja na wakimbizi, Mrundi kama wazazi wangu. Wanafunzi mia tatu walimwendea getini na fimbo, majembe na miguu ya madawati. Msichana mmoja aligeuka akaniangalia, akasema, "Ndugu yenu huyo." Niliogopa. Niliokota jiwe, nikarusha kabla ya wengine wote. Likampata jichoni.

Alianguka. Walimpiga mbavuni, walimpiga mdomoni, meno yakadondoka kwenye tope. Akaniona, akasema kwa Kirundi, "Mukobwa wanje, sinamwishe." Aliniita binti yake, akasema hakumuua.

Tangu asubuhi kulikuwa na wazo nililokuwa nikilikimbia. Muhula uliopita Renatus wa kidato cha pili alikufa, tukaambiwa ni malaria. Theodosia alichungulia dirisha la stoo siku ile, akamwona Mwalimu Nickson akimpiga kwa bomba la chuma hadi akanyamaza. Alhamisi alikuwa ameniambia, "Mkuu akirudi namweleza kila kitu." Nilimsihi aachane nayo.

Nikamkimbilia Mama Josepha jikoni. "Mama, ulimwambia Mwalimu habari ya kisogo?"

"Mimi? Nilimwambia amekutwa majini. Kitenge sijakifungua."

"Sasa nyundo kaijuaje?"

Alinyakua mwiko wake. Tulikimbia wote hadi getini, nikapanda juu ya ukuta na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Jeraha tumeliona watu wawili tu! Mwulizeni Mwalimu ameliona wapi!"

Fimbo zilianza kushuka. Mwalimu Nickson alinivuta mguu, nikadondoka, akanikaba koo kwa mikono miwili akinipigiza kichwa ukutani. Niliona weusi. Kisha mikono ikalegea. Mama Josepha alikuwa amempiga na mwiko wa ugali wa jikoni, ule mrefu kama mpini wa jembe, na mkono wa Mwalimu ulivunjika nikasikia. Wanafunzi wakamgeukia yeye. Wangemmaliza. Mama Josepha alisimama juu yake na mwiko, akimtandika yeyote aliyesogea, mtoto wa watu au si mtoto wa watu.

"Nataka ajibu!" alilia. "Maiti haijibu!"

Tulimfungia stoo. Polisi walifika alasiri, wamevuka mto kwa miguu. Nyundo waliiopoa chooni kwa walimu, na kaburi la Renatus likafukuliwa. Mbavu nne zilikuwa zimevunjika. Baadaye Nickson alihukumiwa kunyongwa.

Havyarimana alipoteza jicho la kushoto. Nilimfuata hospitali, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mzee, lile jiwe la kwanza ni mimi."

"Nilikuona," alisema.

Nilingoja anisamehe, au anifukuze. Aligeukia ukutani. Nilikaa hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na Jumamosi iliyofuata nilirudi tena.