Tope la Biwi

Kabibi alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kumi na sita kati ya hiyo aliiishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Alizaliwa Fizi, lakini Kichewa alikisema kama mzaliwa wa hapo Dowa, na ndiyo maana Byamungu alimchagua wa kwanza.

Byamungu alikuwa kapita, msimamizi aliyemkusanyia vibarua mkandarasi mmoja wa Lilongwe. Mji ulikuwa umetenga fedha za kuwapa vijana kazi: wazibue mifereji kabla mvua hazijaanza. Kazi ilikuwa ya raia wenye vitambulisho. Lakini vijana walioandikwa kwenye orodha walikuwa wapwa wa mkandarasi na watoto wa rafiki zake, watu wasiojua koleo linashikwa upande gani. Basi wakaingizwa wakimbizi, kwa majina ya wale na kwa nusu ya ujira.

"Kule Biwi we si Kabibi tena," Byamungu alimwambia. "We njo Tamandani. Bakikuita, itika."

Akaitika. Siku nne alishinda ndani ya mfereji nyuma ya soko la Biwi, mtaa wa Lilongwe, yeye na mdogo wake Norbert na wenzao wanane, tope likiwafika mapajani. Walitoa nepi, matumbo ya kuku, mifuko ya plastiki iliyoshikana kama ngozi, na mbwa aliyevimba hata akawapasukia mikononi. Glavu hawakuziona. Harufu iliingia kwenye nywele ikakataa kutoka. Kila Kabibi alipopeleka tonge la nsima mdomoni, alikuta mfereji umetangulia.

Kando ya mfereji ule aliishi mama mmoja muuza mandazi, NaMbewe, ambaye kila masika maji yalimlaza juu ya meza. Siku ya nne alikuja na ndoo, akamwaga maji mferejini, akayatazama yakikimbia mpaka yakapotea chini ya daraja. Akacheka peke yake. "Zikomo, wanangu," akashukuru, akawagawia mandazi ya moto. Kabibi alikula yake kwa ncha za vidole, na moyo wake ulikuwa mweupe. Tangu aingie Malawi hakuwahi kufanya kitu ambacho mtu alikihitaji kiasi kile.

Asubuhi ya tano uchafu ulikuwa bado umerundikwa ukingoni, ukingoja lori. Byamungu akaja na mkandarasi, mwanamume wa shati jeupe aliyejiziba pua kwa leso. Mkandarasi alitazama mfereji safi, akakunja uso, akamnong'oneza kapita wake.

"Rudisheni," Byamungu akasema.

"Turudishe nini?" Kabibi akauliza.

"Uchafu. Saa ine bageni banatoka Capital Hill, kwa serikali, na makamera. Banataka picha ya mukubwa iko anazibua. Sasa atazibua nini? Maji?"

"Papa Byamungu, ile tumeitoa siku ine!"

"Njo mutairudisha kwa saa moja. Asiyetaka, atarudi kambi na polisi."

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na kibali cha kutoka kambini. Norbert aliinama wa kwanza, na Kabibi akafuata, akisukuma kwa koleo kile alichokitoa kwa mikono. Mbwa naye akarudi.

NaMbewe alitoka na bakuli la unga ubavuni. "Wanangu, mmerogwa?" akauliza kwa Kichewa. "Mnanirudishia kinyesi mlangoni?"

Kabibi, pamoja na Kichewa chake chote, alizidi kuinama. 

Kisha wakafichwa nyuma ya kinu cha mahindi. Kutoka pale waliona magari yakifika na vijana safi wakishuka, wamevaa fulana mpya na glavu za njano. Mgeni mkubwa alichota mara mbili, akapigwa picha, akafutwa viatu. Mshereheshaji akaita, "Tamandani!" Kabibi alikuwa ameshafungua kinywa, Norbert akamshika mkono. Msichana mwenye kucha nyekundu alisogea kwenye kipaza sauti, akaeleza jinsi kazi ya mfereji ilivyombadilishia maisha.

NaMbewe alijipenyeza mpaka mbele. "Jana mfereji huu ulikuwa safi! Wameujaza leo!" Ngoma zikapigwa kwa nguvu, na mkandarasi, akitabasamu, akamvisha fulana.

Magari yalipoondoka, Kabibi aliuliza, "Tutoe tena?"

"Kazi imeisha," Byamungu akasema. "Picha imeshapigwa."

Kabibi aliegesha koleo kwenye ukuta wa kinu, akafuata wenzake kurudi kambini.

Jumapili, kanisani Dzaleka, mchungaji alimwita Byamungu mbele. "Ndugu yetu huyu anapatia batoto betu kazi. Binti Kabibi, simama, toa ushuhuda."

Kabibi akasimama. "Siku ine nilitoa mavi kwenye mfereji wa Biwi," akasema. "Siku ya tano huyu akanirudishisha, na mama mwenye alinilisha iko anaona. Njo ushuhuda wangu."

Mchungaji akafumba macho, akaanzisha wimbo wa shukrani, na watu wote, hata wale wanane wa mferejini, wakapiga makofi. Kabibi akatoka.

Byamungu hakumchukua tena. Ila Norbert alichukuliwa. "Yaya, tutakula nini?" kijana alisema Jumatatu, akiingiza miguu kwenye mabuti, na dada mtu hakumzuia.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki mbili baadaye. Norbert alileta habari: kwa NaMbewe maji yalifika magotini, magunia mawili ya unga yakaenda nayo. Yeye na wenzake walikuwa wameshahamishiwa mtaa mwingine, kwa orodha nyingine.

"Na we, sasa banakuita nani?" Kabibi akauliza.

"Limbani."

Kabibi alimsogezea mdogo wake beseni la maji na kipande cha sabuni, kisha akaenda kukaa nje, mahali ambapo harufu ya mfereji isingemfikia.