Robo Saa Jikoni kwa Gudveig

Kwa miaka sita Vaida alikata samoni katika kiwanda cha kisiwa chetu, na Kinorwe chake hakikuvuka salamu. Mezani alizungukwa na Walithuania wenzake, kwa hiyo hakuna aliyemsumbua. Kisha msimamizi wa zamu akaacha kazi. Meneja akamwambia Vaida nafasi ni yake, mradi aongoze kikao cha usalama kwa Kinorwe, Alhamisi moja baada ya wiki sita, mbele ya zamu nzima.

Ndipo akamwendea Gudveig, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na moja, aliyekubali kumfundisha peke yake jikoni kwake kila Jumamosi saa nne asubuhi. Walisoma ya kiwandani tu: visu, sakafu, mashine. Gudveig hakuwa mpole.

"Unaongea kama mtu anayeomba msamaha," alimwambia. "Sakafu inateleza. Umeimwagia wewe?"

Jumamosi ya mwisho kabla ya kikao, upepo ulikuwa umesimamisha kivuko tangu alfajiri.

"Haya, mashine imekwama. Waambie."

Vaida akasema.

"Tena. Mbona umetulia hivyo? Mtu atakatika mkono."

Akasema tena. Gudveig alilitazama daftari kwa muda, kisha akasema, "Weka ndoo juu ya Jumanne."

Kila neno Vaida alilijua. Maana ndiyo hakuipata. Akadhani ni msemo, maana mwalimu wake alipenda kumtegea misemo. Akauandika, akatupia jicho saa ya ukutani: saa nne na dakika ishirini.

"Ndiyo, mwalimu."

"Siyo ndiyo. Ndoo. Ndoo ya mlango." Gudveig aligonga meza, amekasirika.

Uso wa Vaida ukawaka. Alhamisi atasimamaje mbele ya watu, ikiwa hata sentensi fupi hivi inamshinda? Akafanya alichozoea kufanya miaka yote sita: akatikisa kichwa na kungoja maana ijitokeze yenyewe. Gudveig akaendelea, Vaida akaendelea kuitikia na kuandika. Robo saa nzima.

Kikombe kikamponyoka Gudveig mkono wa kulia. Kahawa ikatapakaa mezani hadi kwenye daftari, naye hata hakuitazama. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea.

Vaida akapiga simu ya dharura.

"Unajua Kiingereza?" mwanamke wa upande wa pili aliuliza.

"Sijui. Sema Kinorwe, polepole."

"Sawa. Mwambie ainue mikono yote miwili."

"Mwalimu, mikono juu." Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulibaki mapajani. "Mmoja tu."

"Ilianza saa ngapi? Nahitaji saa kamili, dawa inategemea hiyo."

Kikombe kilikuwa kimeanguka sasa hivi. Angesema sasa hivi, nani angejua?

"Saa nne na ishirini," alisema. "Nilikuwa nimekaa naye. Nilidhani ni mimi nisiyeelewa."

"Nimeandika nne na ishirini. Usikate simu. Muuguzi wa kisiwani anakuja."

Muuguzi alifika kwa dakika nane. Helikopta ilizunguka mara mbili juu ya uwanja wa mpira kwa sababu ya upepo, na muda wote huo Vaida alimshika Gudveig mkono akimsemesha Kilithuania, maana Kinorwe kilikuwa kimemwishia.

Kilikuwa kiharusi, na hospitali waliwahi kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni. Alhamisi Vaida aliongoza kikao, akakosea mara tatu, akasahihishwa, akaendelea. Kazi aliipata.

Wiki iliyofuata Ragnfrid, binti wa Gudveig, alimkuta nje ya wodi.

"Wanasema ulikuwepo tangu mwanzo."

"Nilikuwepo. Nilikaa robo saa bila kuuliza. Niliona aibu."

Ragnfrid alifunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni, akaingia ndani kwa mama yake, na mlango akauacha wazi. Vaida alisimama pale kwenye ukumbi kwa muda mrefu. Kisha naye akaingia.

Gudveig alirudi nyumbani mwezi wa nne. Anaongea, ila taratibu, na majina ya watu humpotea. Kufundisha ameacha. Vaida bado huenda Jumamosi, na Ragnfrid akiwepo humwekea kahawa, bila maneno mengi.