Ziwa Uani kwa Zamda

Zamda alikuwa akianika muhogo uani pake, katika kijiji cha Tumaini karibu na Usoke, maji yalipomfika vifundoni. Ilikuwa asubuhi, kiangazi kimekaza, hakuna wingu. Hakugeuka. Alilijua kwa harufu yake, ya dagaa wabichi na mawe yaliyolowa, na kwa namna lilivyovuta mchanga chini ya nyayo zake. Lilikuwa Ziwa Tanganyika. Akaupandisha ungo wa muhogo juu ya paa la jiko, kisha akaenda chumbani, ambako mumewe Nassibu alikuwa akitia jembe mpini.

"Lako limekuja," alisema.

Nassibu akatoka. Akateka maji kwa kiganja, akayaonja, akanawa uso. Kisha akaketi kizingitini, miguu ndani ya maji, na jembe likabaki bila mpini.

Walikuwa watu wa ufukweni, kusini ya Ujiji. Mwaka wa operesheni ya vijiji malori yalikuja, mgambo wakaezua mapaa, na watu wakaambiwa wapande. Kwa nini wavuvi wapelekwe kulima tumbaku, safari ndefu kutoka ziwani, hakuna aliyewaeleza. Nassibu alisimama nyuma ya lori akilitazama ziwa mpaka vilima vikalificha. Zamda aliligeuzia kisogo. Ziwa lilikuwa limemla mtoto wao wa pekee, Mfaume, aliyekuwa ametimia umri wa kuoa. Samaki wa karibu walikwisha kuzolewa na makokoro ya matajiri, nyavu za matundu madogo zisizosaza hata vitoto vya samaki, kwa hiyo wenye mitumbwi walilazimika kwenda mbali. Mfaume akaenda mbali. Upepo ukamkuta huko huko, na mwili haukuonekana. Siku ya malori wanawake wengi walilia. Zamda alishukuru, ila hakumwambia mtu.

Sasa ziwa lilikuwa uani. Lilianzia kizingitini likaishia kwenye uzio wa mabua, wala halikuvuka. Nassibu alifunga jiwe kwenye kamba akalishusha, akaunga kamba nyingine, na jiwe halikugusa chini. Siku zisizo na vumbi, milima ya Kongo ilionekana nyuma ya choo cha jirani yao, Veneranda.

Veneranda alikuwa mzaliwa wa pale, mkulima wa tumbaku. Sehemu ya shamba lake ilikatwa wakapewa waliokuja na malori, na tangu siku hiyo hakuwapenda. Alikuja mpaka kwenye uzio, ulioshikana na ukuta wa nyumba yake.

"Mama Mfaume, mawimbi yenu yanakula ukuta wangu."

"Si yetu."

"Yako uani kwenu."

"Basi yafukuze. Mimi nimeshindwa."

Veneranda akaondoka bila kuaga. Kisimani walianza kumpisha Zamda kwa namna ya kumtenga, ndoo zao wakizivuta kando. Kisima kilikuwa kimebaki tope, na watu wakasema ndiyo sababu: wageni wameyavuta maji yote kwao.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Sylvester, alikuja na mgambo wawili. Alilitazama ziwa kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeingia shamba la watu.

"Ndugu Nassibu, hili umelipata wapi?"

"Limetufuata, Mwenyekiti."

"Mtu mmoja hawezi kukaa na ziwa peke yake. Huo ni unyonyaji."

"Sijamkataza mtu."

"Na huu uzio ni wa nini?"

Uzio ukang'olewa mchana ule ule. Nassibu aliomba neno moja tu. Alisema wavue wakubwa, wawaache wadogo kwenye matete, na utupa usitiwe majini, maana ule mmea huua kila kitu. Huko kwao ziwa lilianza kufa kwa mambo kama hayo.

"Ulikuja hapa na sufuria moja," akasema mtu kutoka nyuma. "Leo unatupangia."

Wakaingia na vyandarua, na blanketi, na vikapu vya kuchujia pombe. Wengine wakatwanga utupa. Migebuka na kuhe walitolewa kwa ndoo, wakaanikwa juu ya mapaa, na dagaa wakapelekwa stesheni ya Usoke kwa magunia. Champaklal, mwenye duka Tabora, aliwanunua wote na akaagiza wengine. Nassibu alipojaribu kuwarudisha majini samaki wachanga, Veneranda alimpiga kwa mwiko mkononi. Kidole kilivunjika, kikaunga kimepinda. Hakuna aliyemwambia pole, hata mkewe.

Zamda hakula samaki wale. Alipika mboga za majani, akaketi mlangoni akitazama watu wakilikamua ziwa, na moyo wake ukatulia.

Msimu ule bei ya tumbaku ilikuwa nzuri, na kijiji kiliagizwa kujenga mabani mengine ya kuikaushia. Bani hula kuni usiku na mchana. Miti ikakatwa, miyombo kwanza, halafu mininga, mpaka mtu akisimama stesheni aliweza kuona makaburi yaliyo upande wa pili wa kijiji. Mvua za kwanza zilipopiga hapakuwa na kitu cha kuushika udongo. Ukashuka mwekundu, ukaingia uani kwa Zamda. Ziwa likageuka rangi ya damu ya kuku. Samaki waliosalia wakaelea, matumbo juu, na watu wakaziba pua wakasema wageni wameleta uvundo. Jiwe lilirushwa kwenye mlango wa Nassibu, kisha mengine.

Maji yakaanza kupungua. Asubuhi moja Zamda aliona nywele za mtu katikati ya uwanja, zimeshikwa na majani ya ziwani. Kesho yake yakatokea mabega, na juu ya mabega shati la bluu ambalo kola yake Zamda aliishona mwenyewe. Akaacha kwenda kisimani. Alikaa mlangoni, na maji yaliposhuka hadi magotini mwa yule mtu, akajinasua kwenye tope akaja mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina njaa."

Nassibu akamshika mwanawe kichwa kwa mikono yote miwili, akakiachilia. Kilikuwa baridi. Wakamtandikia mkeka, na mkeka ukalowa. Kila alipokaa paliacha kidimbwi kidogo, na Zamda alikuwa akifuta nyuma yake. Alimuuliza jambo moja tu, kama alipata maumivu.

"Kidogo, mwanzoni," alisema Mfaume.

Ndugu Sylvester alikuja kabla ya juma kuisha. Alikanyaga tope lililobaki uani akamkagua Mfaume kuanzia miguuni.

"Kijana mzima kama huyu, na mabani yanangoja kuni."

"Amekufa, Mwenyekiti," alisema Zamda.

"Kila nyumba ninayoingia nakuta sababu. Mwingine mgongo, mwingine homa." Akamgeukia Mfaume. "Hapa asiyefanya kazi hakai. Na wazazi wanaoficha mtu wa kazi hawakai pia. Umenielewa, ndugu?"

"Nimeelewa," alisema Mfaume.

Akapelekwa msituni. Alikuwa mkataji mzuri, kwa kuwa hakuchoka na hakuhitaji maji ya kunywa. Wenzake walimwachia miti migumu, kisha wakamwachia yote, wakalala kivulini. Msitu ulirudi nyuma upesi kuelekea mto Ugalla. Uani, tope lilikauka likapasuka, na bwana shamba akaagiza papandwe tumbaku. Ilistawi.

Nassibu alizoea kwenda stesheni treni ya Kigoma inapopita, kuwauliza abiria habari za nyumbani. Jioni moja alirudi, akaketi kwenye kigoda akikisugua kile kidole kilichopinda.

"Wanasema mto Malagarasi unaingia ziwani mwekundu," alisema. "Udongo umefunika mazalio ya samaki. Dagaa hawaji tena karibu. Vijana wanakwenda mbali zaidi."

Mfaume alikuwa mlangoni, maji yakimdondoka viwikoni.

"Maji ya huku yote yanashuka Ugalla," Nassibu aliendelea, "na Ugalla unamwaga maji yake Malagarasi. Ni udongo wetu huo. Mwanangu, ile miti unayokata..."

"Nikiacha, watawafukuza, baba."

"Najua."

Nassibu akamtazama mkewe, akingoja aseme neno. Zamda alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, shoka la Mfaume mapajani. Alimwagia tone la maji jiwe la kunolea, akaendelea kunoa polepole, upande huu na upande ule. Alipomaliza alipima makali kwa kidole gumba, kisha akamkabidhi mwanawe.

"Kesho nenda mapema," alimwambia. "Ile ya kando ya mto bado imesimama."