Msiba wa Fundi Aliye Hai

Kitendawili! Ninaye mchimba kaburi, hana jembe wala koleo, kamzika mtu mzima bila kuinuka kitini. Nani huyo? Fikiri taratibu. Ukishindwa utanipa mji, na mimi sina haraka. Mwenye haraka yumo ndani ya hadithi.

Mwenye haraka ni binti mmoja waliyembandika jina la Kiguu, maana alikuwa kiguu na njia: leo huku, kesho kule, begi mgongoni, simu mkononi. Popote alipofika alijipiga video na kuirusha mtandaoni, na waliomfuata kwa macho walikuwa wengi kuliko watu wa mji wao. Siku hiyo alikuwa kwenye basi, kiti cha dirishani, anarudi kumzika baba yake. Mama yake alikuwa ametangulia mwaka juzi. Sasa baba naye! Alikuwa na hasira ya kupasua kioo.

Alimkasirikia dereva, kila kituo anashuka kupiga soga. Aliikasirikia televisheni iliyoning'inia mbele: mafuriko, vita, mkubwa fulani kakanusha, halafu tangazo la sabuni. "Wanafukia kijiji kizima kwa pumzi moja," alijisemea, "kisha wanatuuzia povu!" Alijikasirikia na mwenyewe, kwa milima yote aliyoipanda akitabasamu mbele ya kamera huku mzee akiugua, kama aliugua. Hata hilo hakulijua.

Lakini hasira kuu ilikuwa kwa shangazi yake. Jana, akiwa nyumba ya wageni, alifungua simu akaona shangazi kaweka picha ya baba, ile ya zamani isiyo na rangi. Pembeni mshumaa unawaka. Chini yake kiuso kinachobubujikwa na machozi, na maneno: "Kaka yangu, hakuna kama wewe."

Mtu afiwe na baba, aambiwe na mtandao kama anaambiwa bei ya mafuta! Hapo hapo, macho yamejaa maji, akawaandikia wafuasi wake: "Baba yangu fundi, nenda salama." Akabonyeza. Simu ikazima. Chaja akaisahau ukutani kwa watu, maana akili haikuwapo.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha ushonaji cha baba yake. Watu walikuwa wamejipanga mlangoni. "Wamekuja kutoa pole," aliwaza. Kisha akasikia cherehani inalia.

Alijipenyeza. Baba yake alikuwa amekaa pale pale pa siku zote, futi ya kupimia shingoni, jasho linamtoka, mkono wake mmoja umekamata kitambaa ambacho mama mmoja mnene anakivuta upande wa pili.

"Fundi, usinielewe vibaya," mama alikuwa anasema. "Nataka changu tu, kabla ndugu hawajagawana vitu."

"Si unaniona ninapumua?"

"Nakuona, baba. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Basi lisubiri huko huko linakokuja!"

Nyuma yake alisimama mlinzi wa shule, jora zima la kitambaa cha sare begani. Mwalimu mkuu alimtuma alichukue, sare zipelekwe kwa fundi mwingine, maana huyu alikuwa marehemu. Na sare hizo ndizo zilizokuwa zimlishe fundi mwaka mzima.

Begi likamdondoka Kiguu. "Baba!"

Akamkimbilia. Mzee akanyanyua mkono wenye mkasi. "Simama hapo hapo. Maiti haikumbatiwi."

Shangazi akachomoza kutoka chumba cha ndani, kanga mabegani. "Kaja! Kaja aliyeniulia kaka yangu!"

"Mimi?" Kiguu alipandisha sauti. "Si wewe, shangazi? Mshumaa ulikuwa wa nini?"

"Wa keki! Jana kaka alikuwa anatimiza miaka!"

"Na machozi?"

"Ya kucheka! Kile kiuso kinacheka mpaka kinalia. Hukuutazama mdomo wake?"

Mtu kwenye foleni akaangua kicheko. Mzee akapiga meza, sindano zikaruka.

"Kimya! Nani kasema hapa pana harusi?" Akamgeukia binti yake. "Shangazi yako simu kaishika juzi, bado anaifuta kwa kitambaa kama sahani. Wewe ndiye mjuzi. Si wewe uliyesimama hapa ukatuhubiria, habari yoyote tuiulize mara mbili kabla ya kuipeleka mbele? Kidole gumba, mwanangu! Hukushika jembe wala koleo. Umenizika kwa kidole gumba. Sasa nijibu: kwa nini hukunipigia simu?"

"Ilizima, baba."

"Kabla ya kuzima ilitosha kuitangazia dunia."

"Mtandao ulikuwa wa kusuasua."

"Wa kunizika haukusuasua."

Kiguu alitazama huku na huku, akaona soketi ya pasi. "Niazimeni chaja. Nawatangazia sasa hivi kwamba uko hai. Simama hapo kwenye mwanga, baba, nikupige..."

"Ukinielekezea kitu hicho nakikata vipande viwili!" Mzee akaunyanyua tena mkasi. "Mtandaoni nimeshakufa, acha nioze huko. Nataka nifufuke hapa, mtaani, kwa watu wanaonivalia nguo nilizoshona. Utakwenda na mlinzi kwa mwalimu mkuu, kwa miguu yako hiyo inayopenda njia, useme kwa mdomo wako kwamba ulidanganya."

"Sikudanganya. Nilikosea."

"Basi useme ulikosea."

"Nitakwenda."

"Vizuri," mlinzi akaguna, "maana hili jora si pamba."

"Weka chini," mzee akamwambia. "Hamwendi popote mpaka anijibu. Nimeuliza kwa nini hukunipigia. Simu yangu ilikuwa hapa, juu ya cherehani, siku nzima. Nimebaki na mtoto mmoja duniani. Kasikia nimekufa, asinipigie hata mara moja?"

Yule mama mnene akakiachia kitambaa.

Kiguu alikaa juu ya begi lake. Hasira yote aliyokuja nayo ikatafuta pa kutokea, isipaone.

"Siku mama alipofariki nilipiga," alisema. "Wewe ulikuwa hospitali, hujaniambia kitu. Nikapiga simu yake. Ikaita, baba. Ikaita, ikaita, mpaka ikakatika yenyewe. Jana nilishika namba yako, nikashindwa. Nilisema, maadamu sijapiga, huenda ungepokea."